Mbuzi Bustanini

Kiyoyozi cha chumba cha mama kilikufa mwezi wa Agosti,
Ibra ikichemka kama chungu kilichosahauliwa mekoni.
Fundi alileta kipya, cha zamani akakitupa uani.
Nikakipasua tumbo, nikautoa utumbo wake wa shaba,
nikaunyoosha juu ya goti, pingili kwa pingili,
nikakata vipande saba.
Kimoja kiligoma kunyooka. Nikakiacha na kilema chake.

Shaba nilikuwa nayo. Mti sikuwa nao.
Mbao za dukani nyepesi, zanuka gundi,
na mtende, yeyote hapa atakwambia,
haukubali kutobolewa,
unachanika nyuzinyuzi kama nyama ya kopo.
Ndipo nikaikumbuka stoo,
na chini ya magodoro ya wageni
mbuzi ya kukunia nazi, iliyotoka Wete na mama
imefungwa ndani ya kanga mbili,
enzi hizo yeye ana meno yake yote
na mbuzi ina yake.

Miaka mingapi haijakaliwa na mtu!
Nazi zetu siku hizi zatoka koponi.
Ubao mmoja umeliwa na mchwa,
lakini kikalio ni mfenesi, kizito,
kimeng'arishwa na makalio ya wanawake watatu
ambao wawili wao nawajua kwa majina tu.

Sikuomba ruhusa.
Nikakata duara. Kwa keke ya kaka yangu Mundhir
nikatoboa matundu saba, na la nane katikati,
hapo nikaning'iniza ulimi:
lile jino lenyewe, chuma bapa,
kingo zake kama jua lililochorwa na mtoto.

Nikaitundika kwenye mlimau, pale falaji inapokata kona,
nikasubiri.
Siku tatu hata jani halikutikisika.
Ya nne, alasiri, nikiwa natia udhu,
nikasikia kitu kimoja, kisha cha pili,
kisha vyote, kama vijiko vinavyodondoka
ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Jirani yetu Shinuna akachungulia juu ya ukuta.
"Hiyo nini?"
Kiswahili changu kikaniacha njiani.
Njuga? Njuga huvaliwa miguuni.
Kengele? Kengele humngoja mtu aipige.
Kayamba? Halina shaba.
"Mbuzi," nikasema.
"Mbuzi!" Akaiangalia tena, juu hadi chini.
"Basi usiku mfunge, asije akatuitia wasioitwa."

Kwa hiyo kila baada ya isha natoka na utepe,
naufunga ule ulimi kwenye shaba iliyopinda,
taratibu, kama mtu anayemfumba mdomo mwanawe
aliyesema kweli mbele ya wageni.

Lakini sikumwogopa Shinuna.
Nilimwogopa mama, asije akautambua ubao.
Mama ambaye asubuhi huniita kwa jina la dadake,
mchana huniuliza kama meli imeshaondoka,
na jioni, ghafla, ananijua kabisa
na kunigombeza kwa chumvi.

Jana gharbi imevuma tangu adhuhuri,
mavumbi yameingia hadi kwenye sukari.
Mama kakaa barazani, tasbihi imemponyoka,
na huko nje chuma kinaparuza shaba,
kinaparuza, kinaacha, kinaparuza.
Akainua kichwa.
"Raya. Nani yuko jikoni?"
"Hakuna mtu, mama."
"Yupo. Anakuna nazi.
Kamwambie asifike kwenye kifuu,
tui litaingia weusi."

Nikaenda.
Nikasimama mbele ya sinki kavu
kwa muda unaotosha mtu kupewa ujumbe,
kisha nikarudi.
"Nimemwambia."
"Kasemaje?"

Nje, kile kipande chenye kilema
kikanitangulia kujibu.